Kikombe cha Tatu cha Badatu

Haya, nitegulie hiki, wala usiende mbio: wageni wangu wakiuliza, najibu, nikiuliza mimi, gari limeshawaka. Ni kina nani?

Ukishindwa, nenda Gora Sillo, kijiji cha Bonde la Ufa la Ethiopia, kamuulize Badatu Roba. Atakujibu hata hujakaa: "Wanafunzi wa chuo kikuu na walimu wao. Nani mwingine?"

Saa kumi na moja alfajiri, Badatu anamfunga punda wake, Burre, kwenye mkokoteni. Baridi ya huku haina adabu; shuka ameizungusha kichwa kizima, yamebaki macho. Anapanga madumu, anafungua kifuniko kimoja na kukinusa, anakirudisha.

"Twende, mvivu wewe," anamwambia punda. "Ukinisimamia njiani leo nawapa wanafunzi wakakuhoji."

Badatu ana miaka hamsini na kitu na kazi yake ni kuuza maji. Mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja, Hawi, na huyo punda. Siku njema, akishatoa pesa ya pumba za Burre, anabakiwa na birr mia na hamsini. Wanakula watatu: yeye, Hawi, na mjukuu wake Simbo, wa miaka minne.

Maji ya Gora Sillo ni ya aina mbili. Kuna ya bomba, kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine Badatu akiwa msichana, na kuna ya kisima cha kamba, kilichochimbwa kwa majembe bondeni. Kila nyumba hunywa humu na humu, kutegemea foleni. Ya kamba yana vumbivumbi. Ya bomba yanatoka meupe, wateja wanayapenda, na ndiyo anayobeba Badatu.

Lakini watoto wa hapa wanaota meno ya kahawia, yenye madoa yasiyotoka kwa mswaki wala mkaa. Hawi ni msichana mzuri wa sura, ila hujamwona akicheka bila kiganja mdomoni. Simbo bado ana yale ya utoto, meupe pe. Nesi wa zahanati alishamwambia Badatu kwamba shida iko kwenye maji, na kwamba jino huharibikia ndani ya ufizi, kabla halijachomoza. Maji ya wapi? Nesi hakujua.

Wanaojua ni wengine. Hapo ndipo damu inapochemka.

"Walikuja wa meno, wakawakagua watoto vinywa kama wananunua ng'ombe," Badatu anasema. "Wakaja wa kemia, wakachota visima vyote viwili kwa vichupa. Wahandisi wakapima kina. Wa elimu ya jamii wakamuuliza Hawi anajisikiaje akicheka. Anajisikiaje! Mtu kaziba mdomo mbele yako, nawe unamuuliza anajisikiaje!"

Kila kundi lilikuwa na mwalimu wake wa kulisimamia. Kila kundi Badatu aliliuliza swali lilelile: nimpe mjukuu wangu maji yapi? Na kila kundi lilimwahidi kurudi na majibu. Wakapata alama zao, wakavaa majoho, wakapiga picha na mama zao.

Mwaka jana jirani anayepika chuoni alirudi akihema. "Badatu! Meno ya Hawi yametundikwa ukumbini, makubwa kama madirisha! Watu wenye tai wanayapigia makofi!" Kazi ile ya kemia ilipewa zawadi. Hawi alijifungia ndani, akala kesho yake.

Leo Badatu anarudi saa nne, anakuta gari la chuo mlangoni. Daktari Fikadu, msimamizi wa wanafunzi, ameleta vijana wawili wa biashara. Yuko pia Meti, binti wa kemia aliyechota maji mwaka jana. Safari hii wa kemia na wa biashara wamepewa kazi moja, na alama za mwisho za Meti ziko mikononi mwa Fikadu.

"Mama," kijana mmoja anaanza, "kwa kipimo cha moja hadi tano, unaridhika kiasi gani na kazi yako?"

"Tano ndiyo nini?"

"Umeridhika sana."

"Na punda mtamuuliza, au yeye hana cheti?"

Wanacheka wote. Hawi anatandaza majani sakafuni, analeta bisi, anakaanga kahawa. Kikombe cha kwanza kinanyweka, maongezi yananoga. Cha pili nacho. Kisha Badatu analichukua buli la udongo, analiweka mapajani, na kulifunika kwa kiganja.

Huku hainuki mtu kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka. Kuondoka bila hicho ni kuikataa heri ya nyumba. Dereva, aliyekwisha simama, anakaa tena.

"Mama yangu, kahawa imekwisha?" Fikadu anatabasamu.

"Ipo, mwalimu. Inakusubiri wewe. Maji gani yanaharibu meno?"

Tabasamu linapungua. "Zile ni kazi za wanafunzi, mama. Ni mazoezi. Mwanafunzi anaweza kukosea. Mpaka wakubwa wazipitie, zichapishwe…"

"Zikichapishwa Simbo atakuwa na miaka mingapi?"

"Na visima vina wenyewe. Tukitamka ovyo tutazua ugomvi."

"Zawadi mlipewa ya mazoezi?" Sauti ya Badatu inapanda. "Mimi sitaki zawadi yenu! Niambieni leo, kesho namgeuza Burre njia. Wateja wakinuna, wanune!"

Fikadu anatazama saa. Vijana wa biashara wanatazama bisi. Ndipo Hawi, aliyepiga magoti kando ya jiko, anaondoa kiganja mdomoni mbele ya wageni wote.

"Mwalimu, nitazame. Mliniambia fungua mdomo, nikafungua. Sasa fungueni nyinyi."

Fikadu anafunga daftari lake. Simbo anaingia kutoka uani, jasho linamtiririka. "Bibi, kiu." Haambiwi mara mbili mtoto wa nyumba hii mahali pa maji: anakwenda kwenye mtungi, anachota kwa kata maji ambayo bibi yake ameyaleta asubuhi, anainua.

"Usinywe!"

Ni Meti. Amesimama, kikombe kimemdondoka. Fikadu anamkazia macho. "Meti, kaa."

Hakai. Anamnyang'anya mtoto kata, anabaki nayo mkononi, maji yakimwagikia miguuni.

"Meti, mwanangu," Badatu anasema taratibu, "hayo ni ya bomba. Ni meupe. Mimi mwenyewe nimeyabeba."

"Ndiyo hayohayo, mama," Meti anasema. "Tuliyapima mara tatu. Ni ya bomba."