Tembo wa Mwalimu Adela

Jamani, leo nimetaja jina la mtu.

Ni yale mashindano ya kuchora wanyama, ya wanaojitolea kulinda pori la Mikumi. Tumebandika michoro ofisini Kilosa, majina yakiwa nyuma ili waamuzi wasiyaone.

Mwalimu Adela wa Tindiga amechora tembo wakila mahindi ya kijiji kipya cha ujamaa.

Mkuu wetu wa wilaya akasimama mbele ya mchoro huo.

"Huyu anasema tumewahamishia watu kwenye njia ya tembo. Geuza karatasi, ndugu karani."

Nikageuza. Nikalisoma jina kwa sauti.

"Mwandikie aje Jumatatu. Sababu usiitaje."

Barua imeshaondoka.

Ninyi mngefanyaje? Maana Adela ataifungua akidhani ameshinda.