Siku Niliyompiga Mtaliana Penalti na Kanzu Mwilini

Haya sogeeni nyote, na wewe uliyeshika simu iweke chini, maana khabari hii nikishaisema leo siirudii tena, na anayetaka kucheka aanze sasa hivi amalize mapema. Mie, Hemedi wa Al Amerat, hapa hapa Maskati, mtu mzima na ndevu zangu, nilivuliwa nguo mbele ya wakwe, na aliyenivua ni mie mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Posa yangu ilikwishapelekwa Ansab kwa Ami Nasoro, kumwomba binti yake Zuwena, na jibu likaja, "Mleteni huyo bwana tumwone." Kumwona tu! Basi kanzu nikaipiga pasi mpaka ukiigusa inakukata, nikajifukiza udi hata mjomba wangu Salum akaendesha gari kutoka Al Amerat mpaka Ansab vioo vyote wazi anakohoa, na njia nzima ananambia neno moja, "Hemedi, leo mdomo ufunge. Ukiulizwa, jibu. Hukuulizwa, kula halwa."

Tukaingia, tukaamkiana, tukakaa. Pale barazani kulikuwa na mgeni mwengine, Mtaliana, mrefu kama nguzo ya umeme, viganja kama sinia za biriani. Ami Nasoro, ambaye ni mtu wa kamati ya timu ya mtaani kwao, akamtambulisha kwa Kiarabu: huyu alikuwa golikipa kwao Italia, mpira ndiyo kazi yake miaka ishirini, sasa yuko Maskati anawafundisha makipa wetu. Mtaliana naye, kwa Kiarabu cha kuokoteza, akatuhadithia maisha yake. Kasajiliwa na timu kubwa angali mdogo, kamkuta kipa mkubwa mbele yake, kangoja. Yule mkubwa haugui, havunjiki, hafungiwi, hata mafua hayamjui! Kahamia timu nyengine, kamkuta mwengine vile vile. Timu saba, na mechi alizocheza ukizihesabu kwa vidole vya mikono na miguu, vidole vinabaki.

Hapo shetani akanikalia begani. Nikamgeukia mjomba, nikasema kwa Kiswahili (si mnajijua nyie, sie Waomani tunaozungumza Kiswahili nyumbani, tukitaka kumsengenya mgeni mbele ya macho yake si Kiswahili ndiyo tunachokikimbilia?), nikasema, "Mjomba, huyu si golikipa, huyu mlinzi wa benchi. Miaka ishirini analinda ubao usiibiwe!"

Mjomba akanifinya paja. Ami Nasoro akatabasamu, akanimiminia kahawa. Mie nikaona, alaa, mkwe kafurahi! Basi nikazidisha. Nikasema medali wangeyapa makalio yake, maana ndiyo yaliyofanya kazi, nikasema glavu zake bila shaka hazijatoka kwenye mfuko wa duka, nikasema kipa kama huyu hata mie na kanzu yangu namfunga penalti, na jicho moja nimelifumba.

Mtaliana akaweka kikombe chini taratibu, akanitazama, akafungua kinywa, kikatoka Kiswahili, tena cha Malindi:

"Kijana, benchi nimekaa, ni kweli. Halafu nikakaa Malindi miaka mitano. Haya, twende nje ukanifunge."

Wallahi halwa ikanitoka mkononi. Mjomba akajifunika uso kwa kilemba. Nikamgeukia mwenye nyumba, "Ami, kumbe ulikuwa unajua?"

"Nnajua," akasema. "Na wewe ungejua, ungeyasema hayo? Nilitaka nimsikie huyu anayemtaka mwanangu. Inuka, baba, ukapige."

Ningeomba radhi pale pale, yangekwisha. Lakini mie na mdomo wangu, tukisharuka haturudi. Nikasema, "Twende."

Uwani, geti la chuma ndiyo likawa goli, na mpira wa timu ya mtaani ukawekwa chini. Juu, mapazia ya dirisha yanatikisika: Zuwena, mama yake, shangazi zake, bibi yake, watu kama elfu mbili (walikuwa sita). Mtaliana akasimama mbele ya geti, mikono kaiachia tu.

Sasa kila mwanamme wa kwetu anajua kwamba ndani ya kanzu tunafunga wizari, kile kikoi cheupe, hakina kifungo, hakina mpira, kinashikiliwa na fundo la kiunoni na rehema ya Mungu. Mwenye akili akitaka kupiga mpira anakwenda kuvaa suruali. Mie nikaikusanya kanzu mpaka juu, nikaiuma kwa meno, nikarudi nyuma hatua kumi na tano, nikaja mbio kama ngamia wa mashindano.

Mguu ukenda. Na wizari ikenda nao. Ikanizinga magoti yote mawili, nikaruka nusu hewani, nikabwagika kifudifudi, kanzu bado nimeiuma, na nyuma iko hadharani bukta yangu ya buluu yenye picha ya bata! Mpira niliugusa kwa ncha ya kidole cha mguu tu, ukenda unatambaa kama mgonjwa anakwenda chooni. Mtaliana akapiga goti, akaupokea kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani kama mpira wa fainali.

Huko juu vicheko mpaka vioo vinalia. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaja, akanifunika kwa wizari yangu, akanipa mkono, akasema, "Mimi kila siku nilifanya mazoezi kama kesho nacheza. Wewe leo umecheza, na hukufanya mazoezi hata ya kufunga nguo."

Nikamwomba radhi. Nikala kiapo pale pale, na nnakishika mpaka leo: simcheki tena mtu kwa jambo ambalo mie mwenyewe sijapata kulifanya hata siku moja, kwa Kiswahili wala kwa lugha ya majini.

Ami Nasoro akawa anaitazama ardhi. Mjomba keshakwenda kuwasha gari. Nikajua Zuwena ndiyo basi tena. Mzee akainua kichwa, akasafisha koo atoe hukumu, na hajasema neno, dirisha la juu likafunguka mpaka mwisho, bibi yake Zuwena akatoa kichwa chote nje, akapaza sauti iliyosikika Ansab nzima:

"Nasoro! Muozesheni haraka maskini, hana wa kumfungia wizari!"