Barua ya Stanislas

Stanislas alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kampuni ya madini kule Panda kwa miaka thelathini na moja, na miaka mitatu ya mwisho hakuona mshahara. Kila asubuhi alikwenda kazini, akasaini, akakaa na wenzake kando ya mashine zilizozima. Nyumbani walikula kwa makaa aliyouza mkewe, Rosalie.

Binti yao Aimée alipofaulu mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari kwa asilimia sabini na nane, paroko alimtajia shirika linalowalipia chuo watoto wa wasiojiweza. Stanislas akaenda kwanza kuuliza kama mwanawe anafaa, kabla ya kuhangaika na picha na fotokopi.

Karani wa shirika, Mama Hortense, alimpokea vizuri, akatazama kitambulisho chake cha kazi.

"Papa, weye uko na kazi?"

"Kazi iko, maman, lakini mwaka ya tatu habatulipe."

"Nakuamini. Lakini carte yako inasema uko agent, mufanyakazi ya kampuni. Mutoto ya agent hatumupokee."

Stanislas hakumwambia mtu. Kesho yake aliandika barua ya kuacha kazi. Mkuu wa wafanyakazi alimwonya kwamba anayeondoka mwenyewe hupoteza malimbikizo yote ya mshahara. Alisaini hivyo hivyo. Alikuwa akimwona Aimée ndani ya koti jeupe la daktari.

Akamrudia Hortense na barua yenye mhuri. Mama huyo aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Papa Stanislas, nani alikuambia ufanye hivi?"

"Si ni weye ulisema?"

"Tunaangalia mwaka muzima ya nyuma, papa. Mwaka jana ulikuwa agent. Ungeniuliza!"

"Basi mwaka kesho."

"Mwaka kesho batachukua tu benye kumaliza masomo mwaka kesho."

Nyumbani alieleza yote akiwa amesimama. Rosalie alikaa juu ya gunia, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hata makuta ya mushahara ya ile miaka yote imepotea?"

"Hata ile."

Aimée alitoka ndani, akamshika baba yake mkono, akamkalisha. "Usilie, papa," alisema. Stanislas alikuwa bado hajalia.

Wenzake walipoanza chuo, Aimée alikwenda Kapolowe kwa shangazi yake, kununua mahindi ya kuuza mjini. Siku ya kuondoka alimwambia mama yake kwamba mwaka ujao ataomba tena. Rosalie akaitikia, "Ndiyo, mwanangu," akamfungia mzigo, ingawa wote wawili walijua hakuna pa kuomba.