Kamba ya Fundi na Pikipiki ya Mkunga

Saa moja asubuhi, Fundi Kamba amepiga magoti karakanani kama mtu anayesali. Mbele yake ipo pikipiki ya Kiingereza yenye umri wa miaka sitini na tatu. Anakaza nati kwa vidole kwanza, spana baadaye.

"Chuma kizee hakikemewi," anasema taratibu.

Mwenye pikipiki ameketi mlangoni, kwenye kiti alichowekewa mto. Ni mkunga mstaafu, ana miaka themanini na mbili. Kwa pikipiki hii aliwafuata wajawazito hadi majumbani mwao, mvua na jua. Siku hizi mgongo wake hautaki mtikiso. Daktari amemwonya: kishindo kimoja kibaya, na huenda asitembee tena.

Ndiyo maana shokapu za nyuma, zile springi mbili zinazomeza mashimo ya barabara, zilikuwa ndizo kila kitu. Moja ilipotea zamani, ya pili ililiwa na kutu. Fundi mwingine aliwahi kufunga za pikipiki ya kisasa. Zilikuwa ndefu na ngumu. Mkia ukainuka kama wa nge.

Fundi Kamba alikataa kubahatisha. Aliichukua ile yenye kutu, akaipima kutoka tundu la juu hadi la chini kwa kamba ya nailoni, akapiga mafundo mawili, akaitia mfukoni. Kwa miaka miwili, akisaka jozi ya urefu huo, aliingia karakana ishirini na tatu na majalala ya vyuma yasiyo na idadi. Hata msibani alionekana akipima pikipiki za waombolezaji. Jina la Kamba likamganda.

"Nilimwambia, baba, nikifa usije ukanipima kaburi kwa hiyo kamba yako," anasema mkewe, akimmiminia mkunga chai.

Mke huyo ndiye aliyeligundua kosa. Siku moja, kabla ya kufua suruali ya mumewe, aliitoa kamba mfukoni akaitundika msumarini, kando ya shokapu yenye kutu. Fundo la chini likapita tundu kwa upana wa kidole. Kamba ilikuwa imerefuka kwa kuvutwa kila siku.

"Nilikaa chini," fundi anakiri. "Miezi minane nyuma nilizipata kwa msagaji nafaka, nikaziacha. Nikasema ni fupi."

Msagaji alikuwa amezifunga chini ya chekeche lake ili lisitikisike ovyo, akiwa hajui zilitoka chombo gani. Fundi aliporudi mbio na kumweleza anamtafutia nani, msagaji alizima mashine, foleni ya wateja ikiguna, akalala chini kwenye vumbi la unga na kuzifungua kwa mikono yake. Hakutaka malipo, ila springi nyingine yoyote.

"Chukua," alimwambia. "Unga utasubiri."

Sasa fundi anasimama. Anakandamiza kiti cha pikipiki kwa uzito wake wote, kisha anakiachia. Kinapanda polepole, bila kudunda, kama kifua cha mtoto aliyelala.

Ile kamba ya nailoni ameitupa, siku hizi anapimia waya wa chuma. Jumamosi atampakia mkunga nyuma yake, mwendo wa kobe, wazunguke mitaa yote aliyowahi kuhudumia.

"Wale niliowapokea mikononi sasa wana mvi," anasema bibi, akisogea kupapasa kiti cha pikipiki. "Nataka wanione nikipita."