Anayetufanya Tumudu

Jumamosi alasiri huwa nafundisha Kiingereza akina mama wauza mboga hapa Voi, ili wazungumze na wanunuzi wa hotelini. Juzi niliandika ubaoni "get by", nikaeleza kuwa ni kumudu maisha kwa kidogo kilichopo, kisha nikaomba sentensi.

Alisimama mama mmoja kutoka Werugha, kule milimani. Tangu mwanawe auze ng'ombe wake wa maziwa bila ruhusa na kuhamia Mombasa, miaka mitatu sasa, hataki jina la kijana huyo litajwe nyumbani.

"We get by on cabbages," alisema.

Jirani yake akaangua kicheko. "Mama, wacha! Kabeji zako zilioza zote na mvua. Ile pesa inayoingia kwa simu yako kila mwezi hutumwa na nani?"

"Na mtu tu."

"Mtu? Mimi ndiye hukusomea meseji!"

Darasa zima lilicheka, yeye hakucheka. Alikunja na kukunjua pindo la leso. Nilitamani kumwambia aketi, maana kuna mitihani ambayo mwalimu hana haki ya kuitunga.

"Mwalimu, nirudie," alisema polepole. "We get by because of Mwakio."