Bwana Shauri na Ukuta wa Ziba

Sikwenda Ziba kwa wema wangu. Jumapili moja kanisani, hapa Tabora, mchungaji alitangaza kwamba mvua imebomoa ukuta wa zizi la mjane mmoja, Mama Nyamizi, na fisi amekwisha kula ndama. Nani atajitolea kwenda kuujenga? Nikainua mkono kumfukuza nzi. "Mungu akubariki, fundi!" akasema mchungaji. Mimi ni fundi cherehani.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la chumvi pamoja na Yakobo, mwoka mikate, aliyejitolea kwa kupenda. Nzega tulishuka tukiwa na rangi moja ya vumbi. Kutoka hapo tukatembea, na siku ya tatu tukafika Ziba, mimi nachechemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mafundi wa mawe ndio ninyi?"

"Ndio sisi," nikajibu, maana uji ulikuwa unanukia.

Ukuta ule ulikuwa wa mawe matupu, bila udongo wala chokaa. Mama akatuonyesha: "Jiwe moja lilale juu ya mawili. Likikataa, ligeuze." Jioni pengo lilikuwa limezibwa. Asubuhi tukakuta ukuta umebomoka.

"Fisi," akasema Yakobo.

Tukajenga tena. Ukabomoka tena.

"Si fisi," akasema. "Ni mshonaji."

Nikamwambia yeye anapanga mawe kama anayesubiri yaumuke. Hatukusemeshana kutwa nzima, ingawa tuliendelea kupokezana mawe.

Kesho yake kulipopambazuka, Mama alituita tuchungulie. Ng'ombe dume wake mkubwa, aliyeitwa Bwana Shauri kama mzungu mtawala wa bomani kwa kuwa naye hamsikilizi mtu, aliegemeza matako ukutani, akafumba macho, akajikuna. Mawe yakaporomoka. Nilikimbia kumzuia. Akaniona nafaa kuliko ukuta, akajikunia kwangu hadi nikaketi kwenye samadi. Mama alicheka machozi yakamtoka.

Mchana tulisimika jiwe la kujikunia katikati ya zizi. Bwana Shauri hakulitazama.

"Lizungushieni miiba," akasema Mama.

"Ili iweje, mama?"

"Huyu hapendi kitu mpaka akatazwe."

Hatujamaliza kupanga miiba, akaipangua kwa pembe na kujikuna kwa raha zote. Tukauinua ukuta mara ya nne. Asubuhi nyayo za fisi zilikuwa zimeuzunguka mara mbili, kisha zikaelekea porini. Ndama wote walikuwapo. Niliupapasa ukuta ule kama koti nililolishona mwenyewe.

Tulirudi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukitafuna na kuombana radhi njia nzima. Mchungaji akatuuliza tumejifunza nini huko.

"Kabla hujamshtaki fisi," akasema Yakobo, "mtazame kwanza ng'ombe wako."

Maneno hayo yalimpendeza mchungaji, akayahubiri Jumapili. Wiki ile nyumba nyingi za Tabora hazikuwa na amani, kila mke akimuuliza mumewe kwa nini alimtazama yeye mkewe pale mchungaji alipotaja ng'ombe.