Dundu la Moyo

Niamini au usiniamini, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yangu pale Dodoma, nikiwa na akili zangu timamu. Nilikuwa muuguzi. Nimefumba macho ya maiti wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitisha. Kwa hiyo ukinisikia nikisema niliogopa, ujue kulikuwa na cha kuogopa.

Nikiwa msichana serikali ilinipeleka Misri kusomea uuguzi. Katika wodi yangu kule Kairo alilazwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya makumbusho maisha yake yote. Mguu wake ulichelewa kupona, na kwa kuchoka kulala akaanza kunifundisha kusoma maandishi ya kale ya kwao, yale ya picha: ndege, kikapu, jua, mdomo. Alinifundishia kwenye hirizi ndogo za mawe zilizochongwa kwa umbo la dundu, yule mdudu ambaye huku kwetu huonekana akiviringisha mavi ya ng'ombe mvua zikianza. Wamisri wa kale walimheshimu. Walisema jua nalo husukumwa angani namna hiyo hiyo. Chini ya tumbo la dundu waliandika dua, baraka, au jina la mfalme.

Nilinogewa. Kila nilipopata fedha kidogo nilikwenda sokoni kununua madundu hayo ya mawe. Mengi yalikuwa ya bandia, na yule mzee aliyatupia jicho mara moja tu na kucheka. Hata hivyo nilirudi nyumbani na kopo la biskuti limejaa.

Kopo lilikaa uvunguni miaka mingi. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yakajaa bidhaa, mitumba ikafika hadi vijijini, na kila mwenye nguvu akakimbilia kuchimba mawe ya thamani. Kule Haneti, nje ya mji wa Dodoma, kuna vilima vyenye jiwe la kijani, na wanunuzi wa nje wakawa wanakuja na magari yao. Hapo ndipo nilipomfahamu Zakaria.

Zakaria alikuwa mchimbaji, kijana mpole, aliyemleta mama yake hospitali kutibiwa macho. Aliwasikia wauguzi wenzangu wakinitania kwa madundu yangu. Siku moja akaja nyumbani na kitu kimefungwa kwenye leso.

"Shikamoo, mama. Naomba unisomee hiki. Kuna mnunuzi wa kigeni kanipa zawadi."

Lilikuwa dundu la jiwe la kijani, kubwa kama kiganja cha mtoto, lenye ufa kwenye bawa la kushoto. Nikaligeuza tumbo juu. Lilikuwa la kweli, tena halikuwa dundu la kawaida. Lilikuwa dundu la moyo. Nikamweleza kwamba Wamisri wa kale waliamini mtu akifa moyo wake hupimwa kwenye mizani, na moyo huo huo ndio shahidi wa kwanza wa maovu yake. Basi maiti aliwekewa dundu la namna hii kifuani, na maandishi yake huuomba moyo unyamaze, usimchongee mwenyewe. Mahali pa jina la marehemu palikuwa patupu. Halikuwa limepata mwenyewe bado.

Zakaria akacheka. "Mimi moyo wangu useme tu, mama."

Akasema anakwenda kumwonyesha mwenzake, Ezekieli Chilewa, aliyekuwa akichimba naye shimo moja. Sikumwona tena.

Haukupita muda mrefu, mama yake akaanza kuja hospitali kila apatapo usafiri. Ezekieli alimwambia kijana ameondoka kwenda kutafuta maisha Arusha. Mama hakukubali. "Mwanangu haondoki bila kuniaga," aliniambia. Nilimkuta mara nyingi amesimama nje ya chumba cha maiti, anaomba aruhusiwe kuwatazama wale wasio na ndugu. Ungemwambia nini mama kama huyo?

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mume wangu alikuwa Kongwa kikazi. Jua lilikuwa linazama, mvua imekatika punde, nami nimekaa sebuleni nachambua mlenda. Nikasikia hodi. Nikajibu karibu, kwa mazoea tu, na mpaka leo natamani ningenyamaza.

Aliingia mwanamume wa makamo, amevaa suti nyeusi yenye udongo mwekundu mabegani. Hakuwa na viatu. Alivaa soksi nyeupe mpya, na pamoja na matope yote yale ya nje, soksi zilikuwa safi. Hakunisalimu. Alikaa kabla sijamwonyesha kiti, akaweka kitu juu ya meza.

"Wewe ndiye unayesoma haya?"

Nikaona jiwe la kijani. Nikaona ufa kwenye bawa la kushoto.

"Umelipata wapi?" nikamuuliza.

"Sikuja kuulizwa. Maswali yananingoja huko ninakokwenda."

Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu asemaye bila kuvuta pumzi. Nikamtazama usoni vizuri, na hapo ndipo nilipoona. Ndani ya pua yake kulikuwa na pamba. Kazi hiyo ya kuweka pamba nimeifanya kwa mikono yangu hii, na hakuna aliye hai anayewekewa.

"Kuna mahali hapajaandikwa," akasema. "Andika jina langu. Ezekieli Chilewa."

"Na nikikataa?"

"Tutakwenda wote."

Akanishika kifundo cha mkono wa kushoto. Muuguzi ni muuguzi tu. Vidole vyangu vilimtafuta mapigo vyenyewe. Hayakuwepo. Ile baridi yake ikanipenya hadi kwenye mfupa, na nikajua kwamba asemalo atalifanya.

Nikamfikiria mama Zakaria pale kwenye mlango wa chumba cha maiti. Huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa anajua kijana yuko wapi, na alikuwa anataka nimsaidie kuizika siri hiyo pamoja naye.

Nikachukua sindano nene ya kushonea magunia. Jiwe lilikuwa laini, halikunipa shida. Pale palipokuwa patupu nikachora nyoka, na chini yake nikachora mkono. Kwa Wamisri wa kale, nyoka na mkono ni neno moja. Maana yake, *sema*.

"Hilo ndilo jina langu?" akauliza.

"Ndilo."

Alipitisha kidole juu ya mistari. Kisha akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa kwa chuki namna ile. "Kama umenidanganya, nitajua nikifika. Nitakungoja."

Akaliingiza ndani ya shati, kifuani, akatoka. Kiti alichokalia nilikitoa uani nikakichoma moto.

Asubuhi, kazini, nikapata habari kwamba Ezekieli Chilewa wa Haneti amekufa kwa homa na kuzikwa jana yake mchana. Yaliyofuata nilisimuliwa na mama Zakaria mwenyewe, aliyekwenda msibani kwa sababu jirani ni jirani. Jioni ile ile waombolezaji walisikia sauti ikitoka kaburini. Haikulia wala kupiga mayowe. Ilisema kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya wazee. Ilieleza ugomvi juu ya dundu la kijani, pigo la sululu, na shimo la zamani lililofukiwa. Watu walikimbia. Mama yule alibaki peke yake, akakaa chini, akasikiliza mpaka mwisho.

Aliwaongoza watu, na walipochimba mahali palipotajwa, walimkuta kijana.

"Nimempata mwanangu," aliniambia. Akanishika mikono miwili, akalia. Kisha akakitazama kifundo changu cha kushoto. "Mama, mbona mkono huu wa baridi?"

Tangu jioni ile aliponishika Ezekieli, mkono wangu wa kushoto hauna mapigo. Madaktari wamehangaika nao, wengine walidhani ni utani. Hauumi, na kazi unafanya. Mwanzoni yalikosekana kwenye kifundo tu. Miaka ikaenda, yakakosekana kwenye kiwiko. Mwaka jana nililazimika kupapasa karibu na kwapa ndipo nikayapata, kwa mbali. Najua baridi hiyo inaelekea wapi, na najua nani anangoja ifike. Nikiulizwa kama najuta, nasema mama yule alimzika mwanawe.

Madundu yangu yote niliyatumbukiza chooni pamoja na kopo lake. Nawe unayenisikiliza, huenda umeletewa zawadi kutoka mbali, jiwe zuri lenye maandishi usiyoyajua, nawe umelipanga kabatini na vikombe vya wageni. Mambo mengine yalitengenezwa kwa ajili ya kifua cha maiti. Kama unalo kama hilo nyumbani, litoe leo kabla jua halijazama, na usimtafute mtu wa kukusomea.